SUV ya siti saba: petroli, dizeli au haibridi? Anza kwa kukagua ekzosi

Wengi wanaolalamikia SUV zao za siti saba hawana neno na siti. Kilio chao ni taa ya njano iliyowaka kwenye dashibodi miezi michache baada ya gari kutoka bandarini, gari kuishiwa nguvu, na fundi anayesema "tulitoboe tu hilo dude". Dude hilo ni DPF, chujio la masizi la injini za dizeli, na ndilo lililopanga orodha hii. Rangi na skrini mtachagua wenyewe.

DPF hunasa masizi kisha huyachoma kwa joto la karibu nyuzi 600. Joto hilo linataka gari litembee mfululizo, dakika 20 hivi za barabara kuu. Gari la kupeleka watoto shule na kurudi kwenye foleni ya Mbagala halifiki huko: linaanza kuchoma, unazima, masizi yanabaki. Ukiweka na oili ya kawaida ya dizeli, majivu yake hayaungui kabisa na chujio linaziba. Dai oili ya DL-1, ile yenye majivu machache.

1. Prado 2.7 ya petroli (TRJ150). Mimi ni mtu wa Toyota, sifichi. Haina DPF wala turbo, na taimingi yake ni ya cheni. Nguvu za farasi 163 kwa gari la tani mbili na ushee ni kidogo, Kitonga utaipanda taratibu, na kwenye mafuta utaumia. Chukua ya kuanzia katikati ya 2015, yenye gia sita. Za kabla ya hapo zina nne.

2. Prado 2.8 ya dizeli (GDJ150). Kwa anayekwenda Dodoma au Arusha mara kwa mara, hii ni tamu. Ila ya Japani ina DPF na tanki la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi; AdBlue ikiisha, ukizima injini haiwaki tena. Australia wamiliki wa injini hii walifika mahakamani kwa sababu ya DPF.

3. Mazda CX-8 ya dizeli 2.2. Haina AdBlue, lakini dizeli ya kuchomea masizi huvujia kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili: kina alama ya X juu ya F (kipimo cha kujaa). Oili ikifika kwenye X, mwaga yote. Kwa mjini tafuta ya petroli 2.5.

4. Mitsubishi Outlander PHEV (haibridi ya kuchaji kwa umeme), toleo la kuanzia Desemba 2021 tu. Toleo la kwanza ni la siti tano, maana mota ya nyuma imekalia nafasi.

Nissan X-Trail ya petroli 2.0 ni ya bei nafuu, siti za mwisho ni za watoto. Haibridi ya toleo hilo (T32) ni siti tano, tangazo liseme litakalosema.

Na matangazo ndiyo yanayochosha. Yadi inakata DPF, inachezea kompyuta taa isiwake, kisha inakuuzia kwa bei ya gari zima na kukwambia "imefanyiwa sevisi". Ingiza kidole kwenye bomba la ekzosi injini ikiwa baridi. Dizeli yenye DPF nzima haiachi masizi. Kidole kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au halipo. Kisha ingia chini utazame alama za kuchomelea kwenye kopo lake. Muuzaji akikataa gari lipimwe kwa mashine kabla ya kianzio, mwachie gari lake.