Trela la jetski nililonunua baada ya la kwanza kuniacha njiani

Hili ni trela langu la pili. Nimelivuta miezi 18 sasa, karibu kila wiki, mara nyingi kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo nalijua vizuri. Ni la kubebea jetski moja (pikipiki ya majini), fremu ya chuma kilichochovywa kwenye zinki, matairi ya inchi 13, uzito wa jumla kilo 750. Ningelinunua tena bila kufikiri mara mbili, ila lina kasoro nitakazozitaja.

La kwanza nililichagua kwa macho. Lilikuwa jepesi, rangi inang'aa, na kibao chake cha uzito kilisema kilo 500. Jetski yangu ni kilo 370, nikajiambia zinabaki 130, nafasi tele. Kumbe ile 500 ni trela lenyewe pamoja na mzigo wake. Trela lilikuwa kilo 110, maana yake linaruhusiwa kubeba 390 tu. Na hiyo 370 ya jetski ni ikiwa kavu. Jaza tangi lita 70 za petroli, umeongeza zaidi ya kilo 50. Tia nanga, kamba, majaketi ya kuokolea na vikorokoro vya chini ya kiti, hapo una nyingine 25. Nilikuwa napakia karibu kilo 450 kwenye trela la 390, na nilikuwa na amani kabisa moyoni.

Hili jipya lina kilo 180 lenyewe, linabeba 570. Nikishapakia kila kitu bado nina zaidi ya kilo 100 za akiba. Kwa wenzetu wa nchi za Umoja wa Ulaya, 750 ndiyo kikomo cha trela lisilo na breki, ndiyo maana utakuta matrela mengi ya jetski yameishia hapo. Kabla hujalipa, soma kibao, toa uzito wa trela, kisha linganisha na jetski yako ikiwa imejaa mafuta. Muuzaji akikwambia “linabeba tu”, mwombe akuonyeshe ilipoandikwa.

Lakini kilichoniua hasa kwenye lile la kwanza ni beringi. Siku hiyo nilisikia harufu ya grisi iliyoungua, nikadhani ni lori lililokuwa mbele yangu. Lori likakata kona, harufu ikabaki. Niliposimama, gurudumu la kulia lilikuwa limelala upande kidogo, na karibu na habu (kitovu cha gurudumu, zinamokaa beringi) hapakushikika kwa moto. Fundi alipofungua kifuniko, grisi ilikuwa nyeupe-nyeupe kama losheni.

“Kaka, hii imekunywa maji,” akasema. “Ukifika ufukweni unashua jetski majini papo hapo?”

“Papo hapo, fundi.”

“Basi ndiyo hapo.”

Alinieleza, na tangu siku hiyo sijasahau. Habu ikitoka barabarani ni ya moto, na hewa iliyomo ndani imetanuka. Ukiichovya ghafla kwenye maji ya baridi, hewa ile inasinyaa na kuvuta maji kupitia kwenye sili, ule mpira wa kuzuia maji. Sili ikiwa imechoka kidogo tu, maji yanaingia, grisi inaharibika, na kutu inaanza usiku huohuo trela likiwa limeegeshwa nyumbani. Siku hizi nikifika naacha trela lipoe nusu saa kabla sijarudi nyuma kuingia majini. Muda huo nafungua mikanda na kuchomoa waya wa taa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza nilichokagua kwenye hili kilikuwa vifuniko vya habu. Vina springi ndani inayoisukuma grisi muda wote, na chuchu ya kuongezea grisi kwa pampu bila kufungua gurudumu. Grisi iwe ile ya vyombo vya majini, na usisukume kupita kiasi maana utaing'oa sili ya nyuma.

Ukubwa wa tairi nao unaingia hapohapo. Trela la zamani lilikuwa na vijitairi vya inchi 8 (hicho ni kipimo cha rimu), kipenyo chake kizima pamoja na mpira kama sentimita 41. Kwa kila kilomita vilizunguka karibu mara 780. Haya ya sasa, yenye kipenyo cha sentimita 61, yanazunguka kama mara 520. Beringi inafanya kazi kidogo, joto linapungua, na mashimo ya barabarani hayaliumizi trela kama zamani.

Jetski inakaa juu ya mbao mbili ndefu zilizofunikwa zulia, moja kila upande wa mkuku, yaani mstari wa katikati chini ya jetski. Niliambiwa roli za mpira zinarahisisha kupandisha, na ni kweli, ila roli inaubana uzito kwenye sehemu chache, na tumbo la jetski ni la faiba. Mbao zinausambaza. Hakikisha tu haziugusi wavu wa kuingizia maji chini ya jetski.

Safari ya kwanza trela liliyumba nilipofika kilomita 80 kwa saa, mkia unacheza kushoto na kulia mpaka nikaachia mafuta taratibu. Nyumbani nikaweka mizani ya kupimia watu chini ya shingo ya trela, nikaiinua kwa kigogo mpaka kimo cha ndoano ya gari: kilo 22 tu ndizo zilizolala mbele, ndiyo maana mkia ulicheza. Kwa mzigo wangu wote wa kama kilo 630 nilitaka karibu 60, kama asilimia 10. Nikafungua bolti za nguzo ya winchi (kifaa cha mbele cha kuvutia jetski juu ya trela), nikaisogeza mbele sentimita 25, jetski nayo ikaja mbele. Mizani ikasoma 59. Tezi, yaani sehemu ya nyuma ya jetski, ambayo mwanzoni ilikuwa inaning'inia hewani, sasa imekaa juu ya mbao hadi mwisho. Halijayumba tena. Kama nguzo ya winchi imechomelewa isisogee, mimi silinunui trela hilo.

Mkanda wa winchi peke yake usiuamini. Mimi nafunga na mnyororo wa akiba kwenye omo (pua ya jetski), na mikanda miwili ya racheti kwenye tezi.

Kasoro sasa. Madigadi ni ya plastiki, moja limeshapasuka nilipolikanyaga nikipandisha jetski. Gurudumu dogo la mbele ni jembamba mno, kwenye mchanga linazama lote. Waya wa taa umepitishwa nje ya fremu, ikabidi niufunge upya mwenyewe. Tairi la akiba halikuwemo, na hilo kwangu ni kosa kubwa la mtengenezaji, maana tairi la trela hulikuti kila duka.

Likiwa tupu pia silioni kabisa kwenye vioo ninaporudi nyuma. Nimeshaagiza nguzo mbili nyeupe za kufunga pembeni, nyuma kabisa, kila moja urefu wa mita moja.