Goniometa ya plastiki kutoka Wandegeya, baada ya miezi saba ya magoti

Goniometa ni kifaa chenye mikono miwili cha kupimia kiungo kinakunjika nyuzi ngapi. Yangu niliinunua Wandegeya, Kampala, kwenye duka la vifaa vya hospitali, shilingi 40,000 za Uganda, nikarudi nayo Busia kwa basi la usiku. Ni ya plastiki inayoonyesha ng'ambo. Ukiilaza ubavuni mwa goti, ile alama ya wino uliyoichora kwenye ngozi unaiona chini yake, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Ya chuma tuliyofundishiwa chuoni ilikuwa inaziba kila kitu.

Kabla ya kuigusisha kwa mgonjwa niliipima kwa pembetatu ya mkebe wa hesabu wa mwanangu: nyuzi 90 kamili. Safi.

Kupima goti si kazi ya macho. Kitovu cha goniometa kinakaa kwenye kinundu cha nje cha goti, mkono wake mmoja unaelekea mfupa unaojitokeza ubavuni mwa nyonga, wa pili unaelekea kifundo cha nje cha mguu. Papasa mifupa hiyo kwa kidole kila mara, hata kama mgonjwa unamjua.

Tulikuwa na kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, goti likakakamaa. Jumatatu goti lilikunjika nyuzi 92. Alhamisi mwenzangu akapata 84. Kijana akaniuliza polepole, "Dada, kwani linarudi nyuma?" Nilishindwa kulala. Kesho yake tukampima tena wote wawili, ndipo tukagundua: mimi nilimlaza chali, mwenzangu alimlaza kifudifudi. Mtu akilala kifudifudi nyonga inanyooka, na ule msuli mrefu wa mbele ya paja unaopita nyonga na goti unakazika mapema, kwa hiyo goti linagoma kabla ya wakati wake. Tulipomlaza chali, mimi nilipata 92, mwenzangu 90. Sasa kwenye kadi tunaandika alilalaje, nani alipima, na kama ni kabla au baada ya mazoezi. Tofauti ya nyuzi 5 au chini siiiti maendeleo, wala simtishi nayo mgonjwa.

Ubaya wake upo. Tarakimu zimechapwa juu juu tu. Spiriti ya kufutia imeshakula zile za kati ya 60 na 80. Halafu ribiti, kile kipini kinachoshikanisha mikono miwili. Mwezi wa tano ililegea, ukiinyanyua goniometa mguuni ili usome, mikono inateleza yenyewe. Nyuzi tatu nne zinapotea hapo hapo bila mtu kujua. Nilianza kuisoma ikiwa bado kwenye ngozi, lakini mkono wangu ukitetemeka kidogo basi. Mwishowe nilimpelekea fundi baiskeli karibu na soko. Akaitoa ribiti, akaweka skrubu ndogo na nati, akaikaza hadi ikawa nzito vizuri. Nikarudi kwenye pembetatu ya mwanangu: 90.

Nimejaribu pia programu ya simu ya kupimia pembe. Kwenye mfupa wa muundi, ulio bapa, inakaa vizuri. Kwenye paja lenye nyama simu inabingirika.

Kwa goti, nyonga na kiwiko, inunue, ila dukani ikunjue na kuikunja mara ishirini, uishike hewani uone kama mkono unaanguka. Ukianguka, omba nyingine. Kwa vidole haifai, ni kubwa mno. Ya vidole nimeiulizia hapa Busia pande zote mbili za mpaka, na bado naitafuta.