Oksidi ya titani au ya bati kwa jua la Tanga?

Seli ya sola ya perovskaiti (fuwele inayonasa mwanga wa jua na kuachia elektroni) huhitaji tabaka jembamba la kupokea elektroni na kuzifikisha kwenye waya. Oksidi ya titani ndiyo kongwe: mwaka 2009 Miyasaka na wenzake huko Japani waliitumia, wakapata ufanisi wa asilimia 3.8. Ni unga uleule unaoipa rangi ya ukuta weupe wake, kwa hiyo haukosekani. Ila kwa kawaida tabaka lake huokwa karibu nyuzi 500. Seli ikijengwa juu ya kioo, kinavumilia; plastiki haiwezi.

Kero yenyewe ni mionzi ya urujuanimno. Ikiipiga, titani huanza kuila perovskaiti iliyo jirani yake. Hapa Raskazone, ambako kiti cha plastiki kikiachwa uani hupauka mpaka kikapasuka, hilo si la kupuuza.

Oksidi ya bati (si bati la kuezekea jamani, ni madini kama yale ya Kyerwa, Kagera) hutosheka na nyuzi 150 hadi 180, hupitisha elektroni haraka zaidi, na mionzi hiyo haiichokozi kirahisi. Mimi ningechukua bati. Unyevu wa bahari, lakini, hakuna inayouzuia. Hapo ni kuziba kingo za paneli barabara.