Spinal Cord Toolbox: zana ya bure kwa anayechakata fMRI ya ugwe wa mgongo

Kama picha zako za fMRI (picha za MRI zinazoonyesha neva zikifanya kazi) ni za shingo na si za kichwa, weka programu hii kabla ya nyingine yoyote. Nimezitumia sana SPM na FSL, programu za kuchakata picha hizo, kwenye ubongo, nazipenda, na FSL bado sijaiacha. Lakini zana za ubongo huchukulia kichwa kuwa kitu kimoja kigumu: kikisogea, kimesogea chote. Shingo haiko hivyo. Pingili za juu zinaweza kuinama huku za chini, karibu na mabega, zikisumbuliwa na pumzi. Na ugwe wenyewe, ile kamba ya neva iliyomo ndani ya pingili, haupiti unene wa kidole cha mwisho, tena umezungukwa na maji yanayosukumwa kila moyo unapopiga. Ukikosea milimita chache tu, unapima maji.

Programu inatoka maabara ya NeuroPoly ya Polytechnique Montréal, Kanada, inayoongozwa na Julien Cohen-Adad. Makala ya kuitambulisha ilichapishwa mwaka 2017. Hulipii kitu, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote.

Amri ninayoitegemea kuliko zote ni sct_fmri_moco. Hurekebisha mtikisiko kipande kwa kipande cha picha, ikisogeza kila kimoja kushoto na kulia, mbele na nyuma. Ipe mduara unaouzunguka ugwe, nayo itaacha koo na misuli nje ya hesabu. Usiuruke mduara huo. Mtu akimeza mate ndani ya mashine, koo hupanda na kushuka, na rekebisho lisilo na mpaka hulifuata koo badala ya ugwe.

Baada ya hapo kuna kiolezo cha PAM50, yaani ramani ya ugwe ya kulinganishia picha zako, kilichotengenezwa kwa picha za watu 50, kwa ubora wa milimita 0.5. Hapa ndipo nilipoona thamani yake. Mtu akikunja ngumi ya mkono wa kulia, ubongo huwaka upande wa kushoto, lakini kwenye ugwe tunatafuta msisimko upande uleule wa kulia, kwenye pembe ya mbele, sehemu ya ugwe yenye neva zinazoamuru misuli, kwa kuwa njia kubwa ya amri za misuli imeshavuka huko juu, kwenye sehemu ya chini kabisa ya shina la ubongo. Tena segmenti za ugwe, yaani sehemu zake zinazotoa kila moja jozi ya neva, hazilingani na pingili: shingo ina pingili 7 na segmenti 8. Kiolezo kinakupa pembe, pingili na segmenti, kwa hiyo hubahatishi uko wapi.

Udhaifu upo. Picha za EPI, zile za haraka zinazotumika kwa fMRI, huwa hafifu na hupinda, kwa sababu mfupa, diski na hewa huvuruga uga wa sumaku kila kimoja kwa namna yake. Mstari wa ugwe unaochorwa na programu yenyewe unaweza kumwagikia kwenye maji. Matoleo mapya yana modeli iliyofunzwa kwa picha za EPI zenyewe, na tofauti inaonekana, ila mimi bado nakagua kila mtu mmoja mmoja. Ripoti ya ukaguzi hufunguka kwenye kivinjari, na picha huonekana ikiwa na mstari kisha bila mstari. Kwa ripoti hiyo peke yake ningewashukuru watengenezaji.

Takwimu za mwisho utazifanyia kwingine. Mimi hurudi FSL. Na kama hukurekodi pumzi na mapigo ya moyo wakati wa kupiga picha, hakuna amri itakayovirudisha. Nyota nne kati ya tano: ya tano nimeizuia kwa kuwa karibu kila kitu hufanywa kwa kuandika amri, na hilo huwafukuza wataalamu wa mionzi wenye macho mazuri kuliko wahandisi.

Hao ndio ninaotaka waingie. Nimewapiga picha majeruhi wengi wa bodaboda. MRI ya kawaida huonyesha ugwe ulipobanwa, lakini haisemi ni neva zipi chini ya hapo bado zinaitikia. fMRI ya ugwe ingali kazi ya utafiti, haijafika wodini, na haitafika bila watu wanaoijua shingo kwa mikono yao.

Anayeanza asikimbilie data zake. Ashushe data za mfano kwa sct_download_data, afuate mafunzo yao hatua kwa hatua, na atenge nafasi ya gigabaiti kadhaa kwenye diski. Inakubali Linux, macOS na Windows.