Buti za mtumba za Karume kwenye theluji ya Lac Blanc: uzoefu wangu

Nianze na jibu kwa wanaotaka jibu tu. Buti za mtumba nilizonunua Karume kwa shilingi 45,000 zilinipandisha hadi Lac Blanc, kwenye milima ya Ufaransa, mwezi Juni, ziwa likiwa bado limefungwa kwa barafu, na zikanishusha salama. Soli haikubanduka, kisigino hakikuchubuka. Maji yaliingia, na hilo nitalieleza. Nazipa nyota nne kati ya tano, ila mbili kati ya hizo ni za fundi aliyezishona.

Naandika kwa urefu kwa sababu kila nikionyesha picha za siku ile naulizwa swali lilelile: buti ulipata wapi? Watu wana ndugu zao nje, wana safari za masomo, wengine wanajiandaa kwa Kilimanjaro, na wanaamini bila laki tano za viatu mlima haupandiki. Si kweli. Lakini mtumba nao una mitego yake, na mtego mkubwa hauonekani kwa macho.

Kaka yangu anaishi Geneva. Mkewe ni mtu wa milima kwelikweli. Nilipompigia kumwambia viza imetoka, hakuuliza namletea nini, aliuliza, "Wifi, viatu unavyo?" Buti mpya za maana kule zinaanzia kama euro 150 na kuendelea, pesa ambayo hapa Dar ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Nikazunguka madukani mjini. Nilichokuta ni buti za kazi, zile za mafundi ujenzi zenye chuma kwenye vidole. Ni imara, lakini ni nzito, na chuma kwenye baridi kinageuka barafu juu ya vidole vyako. Ndipo nikaenda Soko la Mchikichini, Ilala, ambalo sote tunaliita Karume.

Nilifika asubuhi, siku ambayo belo za viatu zinafunguliwa. Buti za mlima hazipangwi peke yake, zinachanganywa na za mvua na za pikipiki, kwa hiyo unachambua mwenyewe. Beba soksi nene kutoka nyumbani, uzivae palepale. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha pitisha kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikipita bila kusukumana, saizi ni hiyo. Usichukue inayokubana eti itatanuka. Kwenye mteremko mguu unasogea mbele, na kucha za vidole ndizo zinazolipa.

Nilizopata ni za ngozi, zinafunika kifundo cha mguu, chapa imefutika kwenye ulimi, ila chini kwenye soli kuna ile alama ya njano ya pembe nane ya Vibram, kampuni ya soli. Alama hiyo ina historia yenye uchungu. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita kwenye milima ya Alps, na viatu vyao visivyofaa vilichangia. Akatengeneza soli ya mpira yenye meno makubwa, ikatoka mwaka 1937. Ukiiona kwenye mtumba, basi angalau chini umesimama kwenye kitu kilichofikiriwa. Muuzaji alianzia 80,000. "Dada'angu, hii haiingii maji hata ukivuka mto!" Tukashindana mpaka 45,000.

Sasa someni hapa taratibu, maana ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kati ya soli ya mpira na ngozi ya juu kuna sponji. Kwenye buti nyingi za mlima sponji hiyo ni ya poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani inaliwa na unyevu. Miaka inavyokwenda, mvuke wa hewani unaivunja kutoka ndani, hata kama buti haijavaliwa, na joto linaharakisha kazi hiyo. Fikiria buti iliyokaa kabatini Ujerumani miaka minane, ikatolewa msaada, ikasafiri kwenye kontena, kisha ikafika kwenye hewa yetu ya pwani. Juu inang'aa kama mpya. Binamu yangu alinunua jozi ya aina hiyo, nzuri kuliko zangu kwa sura, na katikati ya msitu wa Pugu sponji ikamomonyoka kama mkate mkavu. Soli ikabaki njiani, yeye akatembea kwa ngozi tupu hadi barabarani.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei, geuza buti ubavu na ubonyeze sponji kwa ukucha wa kidole gumba. Iliyo nzima inabonyea na kurudi. Iliyooza inabaki na alama, au inanata, au utaona vimipasuko vyembamba sana kuzunguka ubavu, na ukiikunja vinafunguka. Angalia pia ndani ya ulimi, baadhi ya kampuni huandika tarehe ya kutengenezwa. Muuzaji akikataa usibonyeze, mrudishie buti yake, umshukuru, uondoke.

Sponji ya buti zangu ilikuwa nzima. Kasoro ilikuwa gundi, ilianza kuachia kwenye ncha ya mguu wa kulia. Nikampelekea mzee mmoja fundi viatu, anakaa chini ya mwembe hukohuko Ilala. Shikamoo baba. Marahaba binti, unaenda jeshini? Nikamwambia naenda kwenye theluji. Akakunja buti, akaipinda, akaipeleka sikioni aisikie inavyolia, akasema, "Gundi peke yake itakuaibisha. Hii tushone."

Nilikaa kwenye benchi lake nikitazama. Kwanza alikwangua gundi ya zamani yote kwa kipande cha msumeno, hata sehemu zilizokuwa bado zimeshika. Akapaka mpya pande zote mbili, akaiacha ikauke mpaka isinate kwenye kidole, ndipo akabana. Kisha akachukua uzi mnene, akaupitisha kwenye bonge la nta mara kwa mara mpaka ukawa mweusi na mgumu. Sindano yake ya ndoano inatoboa kutoka nje, inadaka uzi ndani ya kiatu, inaurudisha. Kila mshono anaukaza kwa kuuzungushia kiganjani. Kiganja kile kina mfereji. Alinitahadharisha mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba kila tundu la sindano ni mlango wa maji, akayasugulia nta juu. Nilimlipa 15,000, na naona nilimpunja.

Kuzilainisha sina mengi ya kusema. Nilizivaa kupanda ngazi za ghorofani kazini, nikaenda nazo Pugu na Kisarawe kwenye tope la Mei masika yakimalizikia. Usisafiri na buti ambayo mguu wako hauijui.

Lac Blanc iko juu ya Chamonix, kwenye hifadhi ya Aiguilles Rouges, na kutoka Geneva ni safari ya kama saa moja na nusu kwa gari. Unapanda gari la waya, lile linaloning'inia kwenye nyaya, kutoka kijiji cha Les Praz hadi La Flégère, mita 1,877 juu ya bahari. Ziwa liko mita 2,352. Kwa hiyo kupanda kwenyewe hakufiki mita 500, na wakati wa kiangazi njia ikiwa kavu watu wanatumia chini ya saa mbili. Juni ni habari nyingine. Chini mabondeni kuna maua na ng'ombe, lakini ukipanda kidogo njia inazama chini ya theluji ya majira ya baridi yaliyopita, na vibao vinakuonyesha mahali ambapo njia ingekuwapo. Unafuata nyayo za waliotangulia, na ukungu ukishuka unarudi, hakuna mjadala.

Kitu kimoja kilinisumbua kichwani muda wote. Ng'ambo ya bonde imesimama Mont Blanc, kama mita 4,806, yaani imepitwa na Kilimanjaro yetu yenye mita 5,895 kwa zaidi ya mita elfu moja. Lakini barafu ya Mont Blanc inateremka mabondeni, na mto wa barafu wa Mer de Glace unauona wazi ukiwa njiani. Sisi tuko karibu na ikweta, wao wako mbali nayo, na tofauti ni hiyo. Kwetu kugusa barafu ni safari ya siku kadhaa na ada zake. Pale nilitoka asubuhi na jioni nilikuwa mezani kwa kaka.

Asubuhi theluji imeganda usiku, ni ngumu, inalia chini ya mguu. Hapa ndipo buti za ngozi zenye soli isiyokunjika zinapojilipa: unapiga teke kwa ncha, unachonga kijingazi, unasimama juu yake. Ukishuka unakanyaga kwa kisigino kwanza. Wifi alinipa minyororo midogo yenye meno ya chuma inayovishwa juu ya buti kwa mpira, na kwa kuwa ncha ya buti ni ngumu, haikuchomoka hata mara moja. Tulikutana na vijana wawili waliovaa raba za kukimbilia. Walikuwa wanateleza kila hatua mbili, na kwenye mteremko wa kwanza wenye maana wakageuza. Walifanya vizuri kugeuza. Pale ukiteleza hauanguki tu, unasafiri.

"Wifi, mbali na mawe!" hilo alilisema mpaka nikalizoea. Jiwe linalochomoza linashika joto la jua na kuyeyusha theluji inayolizunguka kutokea chini, kwa hiyo juu unaona pametulia, ukikanyaga mguu unazama hadi gotini, na chini yake kuna mawe yenye ncha. Vivyo hivyo palipo na kijito. Ukisikia maji yanaongea chini ya theluji, unasimama juu ya daraja ambalo hakuna aliyelipima. Zunguka.

Ziwa lenyewe. Picha zote mtandaoni zinaonyesha Mont Blanc imejitazama ndani ya maji, na anayekwenda kwa ajili ya hiyo asubiri mwishoni mwa Julai au Agosti. Mimi nilikuta uwanja mweupe, bapa, na pembeni tu barafu ilikuwa imeachana na ufuko ikaacha utepe wa maji wa buluu, upana wa kanga iliyotandazwa. Ndani ya utepe ule barafu inaonekana unene wake, nyeupe juu, kijani kibichi chini, na inatoa sauti ndogo za kupasuka. Sehemu fulani theluji ina rangi ya waridi. Ni mwani mdogo sana unaoishi ndani yake, na rangi hiyo inaukinga na jua. Niliweka mkono majini nikautoa haraka, kisha nikauweka tena. Nimezaliwa Temeke, maji kwangu ni bahari ya vuguvugu, na sikutaka kuondoka pale. Tulikula chapati za kaka na chai ya tangawizi ya kwenye chupa. Juu ya barafu ya ziwa hatukukanyaga, na wewe usikanyage, hata ukiona nyayo za mwingine.

Sasa nyota niliyoipunguza. Mchana jua linalainisha theluji, na kushuka ni kutembea kwenye uji hadi kifundoni. Buti hizi zina kitambaa cha ndani cha kuzuia maji, lakini kwa umri wake kimekwisha kazi, na matundu ya sindano nayo yalichangia kama mzee alivyosema. Kabla hatujafika nusu ya njia soksi zilikuwa zinakamulika na vidole vimekufa ganzi. Kilichoniokoa ni soksi kavu na mifuko ya mkate aliyokuwa nayo wifi: unavaa soksi kavu, unavisha mfuko, ndipo unarudisha mguu kwenye buti iliyolowa. Haipendezi, ila joto lilirudi ndani ya dakika chache. Na miwani ya jua usiiache hata kama ngozi yako ni nyeusi kama yangu. Theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale ya urujuanimno, ya zamani kama ile ya Juni inarudisha pungufu lakini bado ni nyingi, na macho hayana rangi ya kujikingia. Mimi midomo ilipasuka wiki nzima.

Je, ningenunua tena? Kwa safari ya siku moja, ambapo jioni unavua na kukausha, ndiyo, bila kusita. Kwa Kilimanjaro, ambako buti ikilowa leo kesho asubuhi utaivaa imeganda, hapana; Moshi buti za kukodi zipo, kodi zinazozuia maji. Ukirudi na buti zako za mtumba, jaza magazeti ndani, zikauke kivulini, si juani wala karibu na jiko, kisha pakaa nta. Usizifungie kwenye kabati la unyevu ukazisahau. Zangu nazivaa Pugu mara kwa mara, na kila ninapotoka nabonyeza sponji kwanza.

Anayekwenda Karume ajue namba 39 hadi 41 zinawahi kuisha. Ukifika saa nne utakuta za wanaume wenye miguu ya mashua.