Kle ya wifi kwa kompyuta ya mezani: ipi ununue, ipi umrudishie muuzaji

Karibuni watazamaji wetu wa Goma, na ninyi wa Bukavu na Lubumbashi mnaotufuata. Hapa mezani kuna kle tatu za wifi, yaani vifaa vidogo vya kuchomeka USB ili kompyuta ipokee wifi, kadi moja ya ndani, na ruta ya zamani ambayo pengine wewe pia unayo imelala kabatini. Kazi ni hii: ruta iko sebuleni, kompyuta ya mezani iko chumba cha nyuma, na hutaki kuvuta waya. Nyumba ya mbao, kutoboa si shida. Ukuta wa mawe ya volkano, mnajua wenyewe unavyokula ncha za drili.

Kabla hujatoa hata faranga moja, jaribu na simu ya Android. Iunganishe simu na wifi ya nyumbani, ichomeke kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Windows 10 na 11 kwa kawaida zinaipokea kama kadi ya mtandao bila kuuliza mengi. Simu imekuwa kle. Ukiiweka pale kompyuta ilipo na mtandao ukakataa, basi tatizo ni ukuta au mahali pa ruta, na kle ya bei yoyote itahangaika vilevile.

Sasa hiki kidogo, sawa na ukucha wa kidole gumba. Ukiuliza kle ya wifi kwenye maduka ya Birere, hapa Goma, usishangae ukipewa hiki kwanza. Kinashika mawimbi ya 2.4 GHz tu, na ile kasi ya 150 Mbps (megabiti kwa sekunde) iliyoandikwa juu ni ya nadharia. Matumizi halisi huwa chini ya nusu yake. Kwenye laptop hakina ubaya. Kwenye kompyuta ya mezani ni mzaha. Angalia kinapokaa: nyuma ya kasha, kasha lenyewe ni bati, liko chini ya meza, na mgongo wake umeegemea ukuta. Antena ya sentimita moja imefichwa nyuma ya bati, halafu tunalaumu mtandao!

Kama tayari unacho, usikitupe. Tafuta ralonji ya USB, waya wa kurefushia, ya mita 1 au 1.5, ukipandishe juu ya meza, mbali na kasha, kielekee mlango. Usivuke mita 5, USB 2.0 haikutengenezwa kwa urefu huo. Ralonji hiyo inasaidia kuliko kubadilisha kle, na hilo tunalisema bila kusitasita.

Hii ya pili ina antena ya kukunja na bendi mbili, 2.4 na 5 GHz. Imeandikwa AC600, na ndani yake 433 Mbps ni za 5 GHz. Kwa nyumba ya kawaida tungenunua hii. Bendi ya 5 GHz haibanwi na wifi za majirani kama 2.4, ila inachoka haraka mbele ya ukuta mzito. Ukuta mmoja wa mawe inavumilia; kuta mbili, rudi kwenye 2.4. Mbao haziisumbui sana. Mabati ndiyo adui wa zote mbili: kizuizi cha bati kati ya vyumba kinarudisha mawimbi kama kioo, hivyo sogeza ruta mpaka ipate njia ya mlangoni.

Ya tatu ni AC1200 ya USB 3.0, mpaka 867 Mbps kwenye 5 GHz. Inafaa anayehamisha video kubwa kati ya mashine za ndani. Kwa intaneti peke yake hutaona tofauti, maana laini yenyewe haifiki huko. Na ina ugonjwa wake: USB 3.0 inatoa kelele inayovuruga 2.4 GHz. Ukiona inakatika kwenye 2.4, itoe tundu la bluu uichomeke kwenye jeusi la USB 2.0, au uitenge kwa ralonji.

Kadi ya ndani ya PCIe, ile inayochomekwa kwenye ubao mama ndani ya kasha, ni nzuri, lakini pima kasha lako kwanza. Dell OptiPlex au HP zile nyembamba zinataka bati fupi la kufungia. Ukipewa refu tu, kifuniko hakifungi. Kadi zenye Intel AX200 au AX210 zinataka Windows 10 ya biti 64 kwenda juu. Bluetooth yake haiwaki mpaka uunganishe kile kiwaya kidogo kwenye pini za USB za ubao mama.

Maandishi ya boksi yasikudanganye. Dukani, kabla ya kulipa, omba ichomekwe, fungua dirisha jeusi la cmd, uandike: netsh wlan show drivers. Tafuta mstari wa aina za redio. Ukiona 802.11b, g na n bila a, ac wala ax, huku boksi linajisifu 5 GHz, mrudishie mwenyewe. Nambari ya chipu iko kwenye kisimamizi cha vifaa (Gestionnaire de périphériques): VID_148F na PID_7601 ni MT7601U ya MediaTek, ya 2.4 tu. VID_0BDA ni Realtek. Nambari hiyo ndiyo ya kutafutia draiva, programu inayoiwezesha Windows kutumia kle, siyo jina la kwenye boksi, hasa kwa mwenye Windows 7, ambayo kle nyingi haizitambui yenyewe. CD ndogo ya ndani ya boksi inachekesha, kompyuta nyingi hazina tena pa kuitia. Chukua draiva kupitia ile simu.

Imeunganishwa lakini inakatika kila baada ya muda? Kwenye kisimamizi cha vifaa, fungua kle, nenda Gestion de l'alimentation, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kuizima. Bado? Itoe mbele ya kasha au kwenye habu (kigawanya matundu ya USB) isiyo na umeme wake, uichomeke nyuma. Jina la wifi halionekani kabisa? Huenda ruta iko chaneli 12 au 13, ambazo kle nyingine hazizioni. Weka 1, 6 au 11. Inakataa nenosiri sahihi? Huenda ruta imewekwa usalama wa WPA3 peke yake. Ichanganye na WPA2.

Na hii inawapoteza wengi: wifi imejaa, lakini kila tovuti inasema si salama. Tazama saa. Umeme ukikatika na betri ya CR2032 ya ubao mama imekufa, tarehe inarudi nyuma miaka, na vyeti vya tovuti vinakataliwa. Badilisha betri, kle haina kosa.

Kwa duka la fotokopi lenye kompyuta tatu au nne, acha kle zote. Chukua ruta ya zamani, uangalie kama menyu yake ina WISP, Client au Répéteur, uifanye ipokee wifi, kisha uigawe kwa waya mfupi kwenye matundu yake ya LAN. Hakuna draiva hata moja. Kwenye WISP, kama ruta zote mbili zinatumia anwani ileile, 192.168.1.1, hutapata intaneti. Ya pili ipe 192.168.5.1. Printa iliyo kwenye ruta kubwa inaweza isijitokeze yenyewe, iongeze kwa anwani yake. Nayo ruta hiyo inataka umeme wake, iweke kwenye betri ileile ya ruta kubwa.

Kabla hujaondoka kwenye kompyuta, fungua sifa za wifi hiyo, uwashe Connexion limitée. Usipoiwasha, Windows itaanza kupakua masasisho usiku huohuo, na mega ulizonunua kwa wiki nzima hazitaona asubuhi.