Kozi ya kujiandaa na mtihani wa upasuaji: uzoefu wangu nikiwa Pemba

Nimepita. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akasoma mpaka chini akitafuta hilo tu. Nimepita mara ya pili. Mara ya kwanza nilianguka, na mara zote mbili nilikuwa nimelipia watu walewale. Kwa hiyo sitosema kozi ndiyo iliyonipitisha, wala sitosema ndiyo iliyoniangusha.

Jina la kozi silitaji. Nina malalamiko mawili matatu na sitaki kuandikiwa barua na mwanasheria wa London. Ni moja katika zile kozi za mtandaoni za MRCS Sehemu A, na kwa kweli zinafanana: video za mihadhara, madarasa ya moja kwa moja usiku, benki ya maswali, na mtihani wa majaribio mwishoni.

Kwa asiyeujua, MRCS ni mtihani wa vyuo vinne vya kifalme vya wapasuaji, cha Uingereza, cha Edinburgh, cha Glasgow na cha Ireland. Sehemu A ni maswali 300 kwa siku moja, kwenye kompyuta. Karatasi ya kwanza ina maswali 180 ya sayansi za msingi kwa saa 3, ya pili ina 120 ya misingi ya upasuaji kwa saa 2. Piga hesabu: dakika moja kwa swali, asubuhi mpaka mchana. Kila swali lina majibu 5 na unachagua lile lililo bora, kwa sababu mara nyingi mawili au matatu kati yao yana ukweli ndani yake. Ukikosea hukatwi alama, basi usiache swali wazi hata kama hujui kitu. Wenzangu wengi wanakwenda njia ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ambacho makao yake yapo Arusha, au wanaomba MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, Muhimbili, na hizo ni njia nzuri tu. Mimi niliingia huku kwa sababu Sehemu A unaweza kuifanya kabla hujapata nafasi ya mafunzo popote, na mimi nafasi nilikuwa sijaipata.

Ada ya mtihani wenyewe ni zaidi ya pauni 500. Juu yake mimi nikaongeza pauni 280 za kozi kamili, karibu laki tisa na kitu. Kadi yangu ya benki ilikataliwa mara mbili, mwisho nikalipiwa na mtoto wa ami yangu anayeishi huko. Hapo kwenye kozi kamili ndipo nilipokosea, lakini nitafika.

Nianze na madarasa ya usiku. Yalikuwa saa 1 jioni ya kwao, ambayo kwetu Septemba ni saa 3 usiku. Vizuri, nishaswali ishaa, nishakula, mtoto kalala. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza wanarudisha saa zao nyuma. Mimi sikulijua hilo na kozi haikutuma hata mstari mmoja wa kutukumbusha sisi tulio nje. Jumatatu nimekaa mbele ya laptopu saa 3 juu ya alama, hamna mtu. Nikadhani mtandao. Nikazima, nikawasha, nikanunua bando jengine, nikamwamsha mume wangu aniwekee simu yake. Saa 4 darasa likaanza, na mimi nishachoka kama niliyetoka zamu. Tangu siku hiyo madarasa yakawa saa 4 mpaka saa 6 usiku, na asubuhi nina wodi.

Video ndiyo hasara yangu kubwa. Zilikuwa zaidi ya 60, za saa nzima nzima, na huwezi kuzipakua. Lazima uzitazame ukiwa hewani. Mwenye mtandao wa nyuzi nyumbani hatoona tabu. Mimi nikinunua bando la wiki linakwisha siku ya tatu. Halafu, tuseme ukweli, mhadhiri anasoma slaidi. Slaidi hiyo hiyo ningeisoma mwenyewe kwa dakika kumi. Lakini nilikuwa nishalipa, na mtu aliyelipa hataki kuacha chakula kwenye sahani. Nikazitazama zote. Miezi minne nikazitazama, naandika, napiga mistari kwa kalamu za rangi, na maswali niliyojibu kwa muda wote ule hayafiki 200.

Januari nikaingia chumba cha mtihani Dar es Salaam. Kufika swali la 130 nikatupa jicho kwenye saa ya kompyuta: dakika 20 zimebaki. Maswali 50 ya mwisho nilibofya tu. Matokeo yalipokuja kwa barua pepe nilikuwa kliniki, nikasoma, nikarudisha simu mfukoni, nikaita mgonjwa anayefuata.

Mara ya pili sikununua kozi kamili. Walewale wanauza benki ya maswali peke yake, pauni 45 kwa miezi minne. Sikuiona mwanzo kwa sababu wameificha chini kabisa ya ukurasa wao wa bei, na mimi nilibofya kile kikubwa cha juu. Hii benki naisifu bila ya kubana. Ina maswali zaidi ya 2,000, inafunguka hata kwenye mtandao dhaifu kwa sababu ni maandishi matupu, na uzuri wake hauko kwenye maswali bali kwenye maelezo yanayokuja baada ya jibu. Hawakwambii tu kwa nini C ni sahihi. Wanakwambia kwa nini A, B, D na E si sahihi, na kila moja ingekuwa sahihi kwa mgonjwa wa namna gani. Kwa hiyo swali moja ni maswali matano. Nilifanya 40 kila siku baada ya swala ya alfajiri, kabla sijaenda kazini, na yale niliyokosa nikayaandika kwenye kaunta buku, kwa maneno yangu, jioni.

Ule ulikuwa msimu wa karafuu. Nyumbani kwetu Wete msimu ukiingia hakuna aliyekaa bure. Jioni ukumbi mzima ni majamvi, na watu wamezunguka wanachambua, karafuu huku, makonyo huku. Mimi na daftari langu pembeni. Bibi yangu kila jioni ana swali lake:

"Mwanangu, hao Waingereza wamekuuliza nini leo?"

"Leo wameniuliza, bibi, mtu akivunjika mfupa wa hapa katikati, mkono unafanyaje."

"Unauma," akasema, wala mikono yake haikusimama.

Na msimu ukiingia, hospitali nako wanaingia walioanguka mikarafuuni. Wiki ileile niliyokuwa kwenye maswali ya mkono, kaletwa kijana wa miaka kumi na saba. Kashikwa na tawi lililokatika, kaangukia ubavu, mfupa wa mkono wa juu umevunjika katikati. Vidole vyake bado vinanukia karafuu mbichi. Nikamwambia, kaka, ninyooshee kiwiko. Akakinyoosha kwa maumivu. Ninyanyulie kiganja. Kiganja kikabaki kinaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nikamgusa kwa pamba juu ya mkono, pale kati ya kidole gumba na cha shahada: hasikii.

Mshipa wa fahamu wa radiali unazunguka nyuma ya mfupa ule umeugandama, ndiyo maana ukivunjika katikati unaumia nao. Hilo kila daktari analijua. Lakini mtego wa mtihani ni mwengine: kwa nini kiwiko bado kinanyooka, ikiwa ni mshipa uleule? Kwa sababu matawi yanayokwenda kwenye msuli wa kunyooshea kiwiko yanatoka juu, kabla ya pale palipovunjika. Siku iliyotangulia nililikosa swali hilo hasa. Nilichagua jibu linalosema kiwiko na kiganja vyote vimekufa. Sasa ninaye mbele yangu, kiwiko kinanyooka, na mimi natabasamu peke yangu mpaka baba yake akaniuliza, "Daktari, kuna heri?" Ikabidi nimweleze vizuri, kwa haya. Mishipa mingi ya namna ile hurudi yenyewe kwa miezi, na ndivyo nilivyomwambia.

Kitu kimoja ambacho benki haikuambii, na mtu wa huku lazima akijue: mgonjwa wa mtihani anaishi kwao, haishi kwetu. Mzee wa miaka 68 anakojoa damu bila maumivu, saratani ya kibofu, ni ya aina gani? Mimi mtu wa Pemba, kichwa changu kinakwenda moja kwa moja kwenye kichocho na vijito tulivyokuwa tunaogelea tukitoka skuli, na saratani inayofuatana na kichocho ni ile ya seli bapa. Nikajibu hivyo mara tatu, nikakosa mara tatu. Mzee wao ni mvutaji wa sigara, alifanya kazi kiwanda cha rangi, na saratani yake ni ya utando wa ndani wa kibofu, iliyo ya kawaida zaidi Uingereza. Alama zote zilikuwemo kwenye swali, mimi nimemvisha kanzu na kofia na kumleta kwetu. Kuanzia hapo nikawa nasoma kazi ya mgonjwa na mahala alikotoka kwanza, ugonjwa baadaye. Akija mkulima kutoka Misri, hapo sawa, kichocho.

Malalamiko ya mwisho ni ule mtihani wa majaribio wa kozi kamili, mara ya kwanza. Unaufanya mara moja tu kwa malipo yako, kwa muda wa saa 5, kama wenyewe. Nikaomba ruhusa ya siku, nikafunga mlango. Kwenye swali la 94 umeme ukakatika, mtandao ukaenda nao. Uliporudi, programu ikanambia nimeshamaliza na nimepata asilimia 38. Nikawaandikia. Walijibu siku ya tisa, wakanambia nihakikishe nina intaneti ya uhakika. Kunifungulia tena wakakataa. Hili limeniuma kuliko zile laki tisa, maana wanauza dunia nzima na wanajua wanawauzia akina nani. Mara ya pili nikajitungia wangu: maswali 180 kutoka kwenye benki, saa ya ukutani, na mume wangu kawekwa ukumbini kuzuia wageni.

Mtihani wenyewe nitapita haraka. Nilitoka Mkoani kwa boti, kusi ilikuwa bado inavuma, na pale Nungwi bahari ilituchezea mpaka kaunta buku nikaiweka chini, nikashika mfuko. Nililala Unguja kwa dada yangu, kesho yake Dar. Safari hii karatasi ya kwanza niliimaliza na dakika 11 mkononi. Swali la mkono halikuja. Lilikuja la busha, nalo nimelipasua kwa wingi kiasi kwamba nilijibu bila ya kusoma majibu yote, na nadhani nilikosa.

Kwa hiyo, kama uko Pemba au Unguja, unafanya kazi, na mtandao wako ni wa simu: nunua benki ya maswali, acha kozi kamili. Nunua miezi minne, siyo miwili. Madarasa ya usiku yatamfaa asiye na zamu. Video sioni zitamfaa nani.

Sasa wananiandikia kila wiki kuhusu Sehemu B, ile ya kupimwa kwa mikono na mdomo, vituo 17, eti nina punguzo la asilimia 20. Sijanunua. Tumekubaliana wenzangu wawili tukutane kwangu kila Ijumaa jioni, mmoja mtahini, mmoja daktari, na bibi kajitolea kuwa mgonjwa. Sharti lake moja tu, goti la kushoto lisiguswe.